Hatua Moja Kufika Shimoni

Juzi fundi alikuja kwangu Mbweni kupaka nguzo za uzio oili chafu, ile ya gereji, ili mchwa wasizile. Alipofungua dumu tu nikamfokea. Maskini ya Mungu, hakuwa na kosa lolote. Nikamwambia anamwagamwaga, akaniangalia akasema, "Sista, hata sijaanza." Nikaingia ndani, nikafunga madirisha yote, na harufu ikanifuata mpaka jikoni. Mume wangu akauliza nina nini asubuhi yote hii. Nikamjibu, "Baba." Akashtuka, akadhani baba anaumwa. Nikamwambia haumwi, yuko zake Kigamboni, anakula, analala na anasalimia watu, ila leo nimemkasirikia upya.

Kwenu nyie oili chafu ni dawa ya mchwa. Kwangu mie ni gofu. Najua mnavyoniangalia: mtoto wa Temeke na gofu, wapi na wapi! Lakini wale mliokulia upande wa Kurasini huenda mnakikumbuka kile kiwanja, kabla pale hapajajazwa makontena. Watu walikiita Kiwanja cha Wazungu, ingawa Mzungu wa mwisho kucheza pale alishaondoka kabla sijazaliwa. Kilikuwa na mashimo tisa tu. Majani yake yalikuwa ya kijani wakati wa masika, miezi mingine yote yalikuwa rangi ya gunia. Viwanja vya wenye uwezo vina majani laini kuzunguka kila shimo. Sie tulikuwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu usipeperuke na upepo, na kila mtu akimaliza anavuta gunia lililofungwa kwenye fito kufuta nyayo zake. Jua likishaupasha ule mchanga, harufu ilikuwa inauma macho. Soli za viatu vyangu vya shule zilikuwa nyeusi mwaka mzima, na Mama alikataa nisiingie navyo hata barazani.

Baba alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kwao ni kule juu, nyanda za kusini, mji mdogo wenye baridi na mashamba ya chai, na huo mji una kiwanja cha gofu cha zamani kuliko hiki chetu, kilichowekwa na wenye mashamba enzi hizo. Baba alikulia pembeni yake. Alisema nyumba ya mama yake inatazamana na shimo la kwanza, na asubuhi ukungu ukiondoka unaona kibendera kimesimama peke yake. Alikizungumzia kiwanja kile wakati wa kula, wakati wa kunyoa ndevu, na wakati Mama anamweleza mkaa umepanda bei. Mama ni mtu wa Newala, Mmakonde, Muislamu, fundi cherehani, na kwake gofu ilikuwa ni aina ya maradhi. Alikuwa anasema baba yenu huyu alipofika Dar alitafuta gofu kabla hajatafuta chumba. Alisema "yenu" ingawa mtoto nilikuwa mie peke yangu.

Akanifundisha. Alinikatia fimbo moja ya zamani mpini uwe mfupi, akanisimamisha mbele ya mpira, akaniambia nisiutazame unakokwenda, niutazame ulipo. Nilikuwa napiga vizuri, nasema kweli tupu. Kile kishindo cha fimbo ikiupata mpira sawasawa mpaka leo mikono yangu inakijua. Kama tungekuwa tunacheza tu, nisingekuwa na neno na mtu. Taabu ni kwamba tulikuwa hatuchezi. Tulikuwa tunasalimia.

Sikilizeni niwaeleze. Njia ya mguu ya watu wa mtaani ilikatiza katikati ya kiwanja, ikavuka mashimo karibu yote. Akina mama wanatoka sokoni, wazee wanakwenda msikitini, wengine wanakwenda zahanati. Wachezaji wengine walikuwa wanasubiri mtu apite, au wanapiga kelele ajihadhari, kisha wanapiga mpira wao. Baba hapana. Baba keshanyanyua fimbo, keshajipanga, mie nimeziba pumzi, halafu kwa pembe ya jicho anamwona mzee kule mbali, mbali kabisa, hata hujui kama ni mtu au kisiki. Anashusha fimbo. Anavua kofia.

"Shikamoo mzee!"

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo. Za nyumbani?"

"Nzuri tu. Mguu ndio huu."

"Pole sana. Ulirudi hospitali?"

Basi hapo kwisha. Mzee atasimama aeleze mguu. Atatoka kwenye mguu aende kwenye paa linalovuja, atoke kwenye paa aende kwa mjukuu aliyefeli. Baba anaitikia "ehe, ehe," fimbo ameibana kwapani. Nyuma yetu wachezaji wamejipanga, wanashika viuno. Mwenyekiti wa mashindano, mzee mmoja mstaafu wa benki aliyekuwa anavaa soksi ndefu mpaka magotini, alimwita Baba mara nyingi akamsihi: "Mzee mwenzangu, mpungie mkono tu, inatosha." Baba alimshangaa. Akamjibu, "Mkubwa wangu anapungiwa mkono? Nimemwona baharini?"

Mama alikuwa anacheka mpaka anaacha kukanyaga cherehani. Alikuwa anasema, "Huyu akikiona kivuli cha mzee ukutani, anakipa shikamoo." Mie sikucheka. Nilikuwa na hasira ya mtoto anayeona wenzake wanamaliza mchezo na kunywa soda wakati yeye bado yuko shimo la nne anasikiliza habari za mguu. Nikahitimisha kwa akili yangu ya utoto kwamba Baba ni mwoga, kwamba anaogopa watu wazima kuliko mie ninavyoogopa walimu.

Sasa kuna jambo la Bibi. Bibi mzaa baba, yule wa nyumba inayotazamana na shimo la kwanza, nilikuwa sijawahi kumwona. Picha yake haikuwepo nyumbani. Wenzangu wote likizo walikwenda kwa bibi zao wakarudi na ndizi, na uongo, na majina mapya ya utani. Kwa bibi mzaa mama Newala nilishakwenda mpaka mbuzi wananijua. Nikiuliza lini tutakwenda kwa bibi wa kule juu, Baba anasema nauli ya watu watatu si mchezo. Nikimuuliza Mama, anasema, "Muulize mwenye mama yake." Simu Baba alikuwa nayo, ile ya tochi, na vocha alikuwa anaweka. Lakini sikuwahi kumsikia anaongea na mama yake. Mtoto hahoji hayo. Mtoto anaambiwa nauli, anaelewa nauli.

Ndipo mwaka mmoja chama cha kiwanja kikatangaza mashindano ya mzazi na mtoto. Mnacheza mpira mmoja kwa zamu, mzazi akipiga, pigo linalofuata ni la mtoto. Na washindi watapelekwa kwa gharama ya chama kwenda kucheza kwenye kiwanja rafiki. Mwenyekiti akasoma jina la mji. Ulikuwa mji wa Baba. Nilipiga kelele mpaka mwenyekiti akainua macho kwenye miwani. Nikamgeukia Baba nione anavyofurahi, nikamkuta anajifunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imeshafungwa.

Kuanzia siku hiyo sikutulia. Niliamini kabisa, na msinicheke, kwamba kumwona Bibi ni zawadi ya washindi, kama kikombe. Kwamba wale wenzangu wanaokwenda kwa bibi zao kuna kitu wazazi wao walishinda huko nyuma. Nikawa narudi shule natupa begi, nachukua fimbo, nakwenda kusukuma mpira kwenye duara la mchanga mpaka giza. Nilimtayarishia Bibi maneno. Nilimwomba Mama amshonee blauzi, Mama akaguna, lakini akaishona, ya kitenge cha bluu, kwa kukisia ukubwa wa Baba ukipunguza mabega.

Siku yenyewe tulifika asubuhi umande bado upo. Wenye nguvu tulikuwa jozi mbili tu: sie, na Injinia mmoja wa Kurasini na mwanawe Brayan, mtoto mwenye glavu ya ngozi na kofia yenye jina lake. Wengine walikuja kupiga picha. Baba alianza vizuri ajabu. Na njia, kwa neema za Mungu, ilikuwa tupu; ni kama mtaa mzima ulikuwa umelala. Tulikwenda shimo kwa shimo, sie na Injinia, hakuna anayemwacha mwenzake.

Halafu kuanzia kama shimo la saba Baba akaanza kupiga ovyo. Sijui niseme nini. Mpira wa kusukuma kidogo anausukuma sana, wa kupeleka kulia anaupeleka kwenye mikorosho. Kila alipoharibu mie nikaokoa. Nikautoa mpira kwenye mizizi, nikautoa kwenye mtaro wa maji machafu. Brayan akaniambia, "We dada unapiga hatari." Baba jasho linamtiririka. Nikamwambia, "Baba tulia basi, jamani!" Mtoto wa darasa la tano namwambia baba yangu atulie, na wala hakunikemea.

Tukafika shimo la mwisho tumelingana. Injinia na Brayan walimaliza kwanza. Zamu yangu ilipofika tulikuwa bado mbali, pembeni ya duara, na mpira ulikuwa umelala pabaya. Nikaupiga. Ulipita juu, ukadunda mara moja kwenye ule mchanga mweusi, ukaviringika, ukaviringika, ukasimama. Hatua moja kutoka shimoni. Hatua moja ya mtoto, si ya mtu mzima. Baba akiusukuma ukaingia, tumeshinda kwa pigo moja. Mchanga mbele yake umelainishwa, hamna hata jani. Mpira ule hata kuku angeusukuma kwa mdomo ukaingia. Watu wakaanza kupiga makofi kabla, na mie nikawa nimeshafika kwa Bibi, nimeshampa blauzi.

Baba akasimama juu ya mpira. Akasimama. Akarekebisha miguu. Akasimama tena. Na hapo ndipo Bi Zuhura alipotokea njiani.

Bi Zuhura tulimjua sote, mama wa makamo aliyekuwa anakaanga vitumbua pale njia inapoingia kiwanjani. Siku hiyo hakuwa amekaanga. Alikuwa anakwenda haraka, amejitanda khanga mpaka usoni, na alikuwa anapita zake, hakutaka kumsimamisha mtu. Baba akainua kichwa. Nikasema moyoni, Mungu wangu, asimwone. Baba akashusha fimbo, akavua kofia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri tu," akasema Bi Zuhura, maana ndivyo tunavyojibu sie hata nyumba ikiwa inaungua. Kisha akasimama, akajifuta macho kwa pindo la khanga. "Ila kaka yangu katutoka alfajiri hii. Nakwenda kuwaambia shemeji zake."

"Oh! Poleni sana, mama. Poleni mno."

"Tushapoa. Tunazika baada ya adhuhuri." Akautazama ule mpira, akatutazama watu tulivyozunguka. Mama mwenye akili zake. Akasema, "Maliza mchezo wako, mwanangu. Muda upo. Utanikuta."

Mnasikia? Mfiwa mwenyewe ndiye aliyesema amalize. Na Baba akasema, "Hapana mama, haiwezekani. Nitachezaje nawe umefiwa? Twende nikusindikize."

"Baba, piga!" Nilisema kwa sauti. "Piga tu kwanza!"

"Nyamaza."

"Si anakwambia upige!"

Mwenyekiti akaja na soksi zake. Akamwambia Baba kanuni ni kanuni, ukitoka kiwanjani mchezo haujaisha umejitoa. Injinia, ambaye mpaka leo namheshimu, akasema yeye yuko tayari kusubiri, mzee aende atoe pole arudi, hata jioni. Akasema, "Braza, usukume tu huo mpira. Ni sekunde moja." Watu wote wakawa wanamwambia asukume. Bi Zuhura naye akawa anamwambia asukume. Baba akaniwekea fimbo yake mkononi, akamwambia mwenyekiti, "Wapeni kikombe hawa," akaondoka na Bi Zuhura, anamshika kiwiko. Alikwenda msibani na viatu vyake vya gofu.

Mie nilibaki pale juu ya duara. Sikulia mwanzoni, nilikuwa nimeganda tu. Haikuwa zamu yangu. Ningeusukuma ningekuwa nimevunja kanuni, na nilishafundishwa na nani kuheshimu kanuni? Na yeye. Brayan akauokota mpira, akaufuta kwenye kaptura yake, akanipa. Ndipo nikalia, na nikalia vibaya, mpaka mke wa Injinia akanipeleka nyumbani kwa gari lao.

Nilimweleza Mama kila kitu kwa kwikwi. Nilitegemea aseme lolote lile ambalo mama wa mtu husema: kwamba msiba ni msiba, kwamba baba yako ana utu. Mama akakanyaga cherehani mpaka mwisho wa mshono. Kisha akatoa kitambaa kwenye cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika.

"Huo mpira ndio uliomshinda," akasema. "Msiba kaufanya kisingizio tu."

Mie nikaelewa kwamba Mama anasema Baba hajui gofu. Nikamtetea! Nikamwambia Baba anajua, ni watu tu wanaompitia mbele. Mama akaniangalia, akaniambia nikaoge.

Baba alirudi magharibi. Alikuwa amebeba jeneza kwa zamu pamoja na wengine, suruali imejaa udongo wa makaburini. Watu wa mtaa wakamsifia mwezi mzima. Yule Mkristo wa bara, wakasema, ana adabu kuliko watoto wetu. Kila aliyemsifia mbele yangu nilitaka kumng'ata. Blauzi ya bluu Mama akaikunja, akaiweka chini kabisa ya sanduku, na gofu nikaisusa. Baba alikwenda Jumamosi mbili tatu peke yake, halafu na yeye akaacha, akawa anakaa barazani anasikiliza redio.

Mvua za vuli zilikuwa hazijaisha Shangazi alipopiga simu. Baba aliipokea amesimama mlangoni. Alisema "shikamoo dada," akasikiliza. Akaishusha simu polepole, akaketi pale pale kizingitini, miguu nje mvuani. Mama alitoka jikoni, akamtazama mara moja tu, akajua. Akavuta khanga akajifunga kiunoni. Mie nikawa nauliza nini, nini, mpaka Mama akaniambia, "Bibi yako."

Bi Zuhura alifika kabla ya wote, na sufuria la uji. Majirani wakajaza ua, wakatandika majamvi, wakachanga nauli yetu yote mpaka ikabaki. Nilikuwa nimeketi katikati ya akina mama naangalia watu wanavyotia mkono mfukoni, na nikawaza kitu ambacho mpaka leo kinanitia moto kifuani: kumbe nauli ya watu watatu inapatikana. Kumbe haikuwa kitu cha kushinda.

Tulipanda basi alfajiri. Njiani Mama ndiye aliyeniambia, Baba akiwa amejifanya amelala kiti cha mbele. Hakupamba. Kwamba Baba alipotaka kumwoa yeye, Bibi alisema mwanamke wa Kiislamu kutoka pwani hataingia nyumbani kwake, na kama ni huyo basi na wewe usinikanyagie hapa. Baba akaondoka usiku ule ule kwa hasira. Ilikuwa kabla yangu. "Basi ndiyo hivyo," akasema Mama, "mimi nilishasema twende tu, atatufukuza tukiwa tumeshafika. Hakutaka."

Mji ulikuwa kama alivyousema, na hilo nalo liliniudhi. Baridi, chai mpaka upeo wa macho, ukungu. Nyumba ya Bibi ya matofali ya kuchoma ilitazamana na uwanja mkubwa wa majani ya kijani kibichi, kijani ambacho sie hatukuwahi kukiona hata masika, na kibendera kimoja kimesimama. Shangazi alitupokea. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi, mwenye sauti nzito, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumkumbatia Mama, si Baba. Alimkumbatia akambana.

"Umechelewa, wifi," akasema.

"Hatukuitwa, wifi."

"Mama alishamaliza hasira zamani. Huyu mtoto akiwa bado wa kubebwa." Akanishika kidevu, akanigeuza huku na huku. "Kila mwaka wachezaji wa Dar wakija hapo kiwanjani alikuwa anakwenda kukaa pale kwenye ukuta, anawatazama mmoja mmoja. Nikimuuliza unatafuta nini, anasema naota jua. Jua gani, na ukungu huu?"

Mie ndiye niliyeropoka. "Sasa kwa nini hakumwita Baba?"

Shangazi alinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu hutembea kwa miguu. "Amwite yeye? Mama yake? Nani humwanza mwenzake, mkubwa au mdogo? Alisema, mwanangu atakuja kunipa shikamoo, nami nitaitikia, yataisha. Alikuwa anasubiri hiyo tu."

Baba alikuwa nyuma yetu, ameshika begi. Alisikia kila neno. Huyu aliyesimamisha mchezo kwa mzee wa mguu na paa, kwa kila kikongwe aliyekatiza Kurasini akienda kununua chumvi! Nilimgeukia, nikitaka kumwona anasema kitu, chochote, ajitetee basi. Akalihamishia begi mkono wa pili. Nilitaka kupiga kelele mpaka vibendera vyote vya kiwanja kile vianguke. Watu wazima wawili, jamani, wana akili zao, mmoja anasubiri huku, mmoja anaogopa kule, na katikati yao mtoto anajifunza kusukuma mpira.

Ibada ilipokwisha tulipanga mstari kumuaga. Ilipofika zamu yangu Mama akaninyanyua kidogo. Nilikuwa nimejitayarisha kuogopa, sikuogopa. Alikuwa na uso wangu. Paji langu hili, pua hii hii, hata hili pengo la katikati ya nyusi ambalo nilidhani ni kovu la kuanguka, kumbe nimezaliwa nalo. Walikuwa wamemvika gauni jeupe la kanisani. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona na nilimtazama sana, mpaka watu wa nyuma wakaanza kukohoa.

Makaburi yako ng'ambo, na njia ya kwenda huko inakatiza kiwanja. Tulilivusha jeneza katikati ya majani yale, Baba akiwa mbele upande wa kulia. Palikuwa na wachezaji wanne, wenye makoti ya baridi. Mmoja alikuwa ameshanyanyua fimbo. Akaishusha, wote wakavua kofia, wakasimama mpaka wa mwisho wetu alipopita. Walipoteza dakika chache tu, kisha nikasikia nyuma yetu mpira umepigwa, na mchezo wao ukaendelea.

Tulirudi Dar baada ya kupangwa nani atarudi kule kwa ajili ya arobaini. Ndani ya basi Mama alilala kweli, kichwa dirishani. Mie niliketi na Baba. Hatukuwa tumesemezana tangu siku ile ya mashindano, isipokuwa yale ya chumvi na ufunguo. Mashamba ya chai yalikwisha, ikaanza misitu, ikaanza joto. Nilikuwa na swali moja tu, na nilikuwa nimelibeba muda mrefu kuliko umri wangu ulivyoruhusu.

"Baba," nikasema. "Ule mpira ungeusukuma, ungeingia?"

Nilidhani atasema hajui. Nilidhani atasema mwanangu, mpira ni mpira, huenda ungeingia, huenda ungekosa, na nilikuwa tayari kumwamini, wallahi nilitaka kumwamini.

"Ungeingia," akasema Baba.